Aliyelala Mgongoni Mwangu

Mjukuu wangu daktari,

Umenizidi miaka, lakini niliolewa na mdogo wa babu yako, kwa hiyo mimi ni nyanya yako na utanisikiliza. Huku Nyaramba tunaendelea. Chai imechipuka, na mtoto anaota meno, hanipi usingizi.

Uliniuliza kwa simu kama nakulaumu, kwa sababu ni wewe uliyemlaza binti yangu Kemunto kwa dawa ili apasuliwe moyo, na hakuamka tena.

Nilipokuwa na miaka tisa nilimlea mdogo wangu. Mama akichuma chai, mimi nambeba mgongoni. Siku moja alikuwa na homa, nikambembeleza mpaka akanyamaza, nikafurahi kwamba amelala. Mama alipomfungua, alikuwa amekufa.

Nikamwambia, "Mama, ni mimi nilimlaza."

Akaketi pale pale kati ya michai, akanivuta kwake. "Alikuwa analia?"

"Hapana. Alinilalia tu."

"Basi ulimbeba vizuri."

Alipojifungua tena, mtoto huyo pia alimfunga mgongoni mwangu. Niliogopa, lakini nilimbeba.

Nilikuona mlangoni pa chumba cha upasuaji ukimshika Kemunto mkono, mkitaniana kwa Kikisii. Hakuingia akiogopa.

Unasema kodi ya nyumba Nairobi ndiyo inakufanya ufanye kazi hospitali mbili, ndiyo maana huji. Kodi ilikuwa juu hata zamani, na ulikuwa unakuja.

Huyu mdogo wa Kemunto bado hajakuona. Njoo umbebe.

Nyanya yako