Neno Walilolifuta Makongeni

Shemeji Wafula,

Hujambo? Jana niliwasahihisha Kiswahili maprofesa watatu hapa Makongeni kwa binti yangu. Haya, nimedanganya, mimi nilikuwa nakula mandazi na kuota moto wa jiko, maana baridi ya Julai huku haina adabu. Aliyewasahihisha ni jirani, Mama Barasa, ambaye mwanawe yuko jela kwa kuandika kitabu kilichoudhi wakubwa.

Maprofesa hao walimletea barua ya kupeleka serikalini, atie sahihi ya kwanza. Imeandikwa, "Tunaomba asamehewe." Mama akaweka kalamu chini.

"Asamehewe, kwani aliiba kuku wa nani? Andikeni aachiliwe."

"Mama, hiyo ni heshima tu," akasema profesa mwenye tai.

"Heshima kampe mkweo."

Wakalifuta neno lile, wakaandika lake. Tukatia sahihi sote, mimi kwa dole gumba, maana mwandiko wangu hata mimi siusomi. Kijana atatoka tu, shemeji. Na kama chifu wenu anaisoma kadi hii isiyo na bahasha, namsalimu.

Ulipougua nilikuchungia ng'ombe wiki nzima. Sasa nilipe: nakala ya barua inakuja huko kwa basi, uitie majina yako yote, pamoja na lile la ubatizo unaloonea haya.

Shemeji yako mpendwa