Chupa Mbili za Damu na Mke Aliyegeuzwa Dada

Mshauri wetu, nimepoteza mke Jumanne tarehe 14 Mei 1957, saa nne na robo asubuhi, na wala hakufa. Nisaidie.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Nguvumali, nilianza na pampu ya kuazima na leo nina baiskeli kumi na moja za kukodisha, sikurithi hata spoki, kwa hiyo kudhulumiwa sikuzoea. Mke wangu Mboni, miaka ishirini na sita, alishikwa na kansa ya damu, akalazwa, ndugu zake saba wakaja kumtazama na wote saba wakaogopa sindano, mimi nikatoa chupa moja ya damu Februari na ya pili Aprili, akainuka, akarudi kuniteta kama kawaida, nikamshukuru Mungu. Daktari alisema wazi kwamba damu yangu haimponyi, inamshikiza tu, ila akimeza vidonge na kurudi kila akiitwa huenda akapata miaka miwili, mitatu, na asiporudi tusihesabu hata miezi. Siku yake ni Jumatatu tarehe 3 Juni.

Nakiri, barazani nilitania kwamba Mboni sasa ni damu yangu, akipatia hesabu ni ile chupa ya kwanza, akinitukana hiyo ni damu yake mwenyewe.

Jumanne hiyo akaja mama mkwe, Bi Semeni, kutoka Maramba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Na leo ni mwanangu hasa.”

Nikacheka, kumbe mwenzangu hacheki. “Walionyonya ziwa moja hawaoani, sembuse waliotiliana damu chupa mbili! Huyu ni dadako, Uweso. Astaghfirullahi, na mnalala chumba kimoja!”

Akamchukua Mboni, wakapanda basi la Maramba, vidonge vimebaki kabatini kwangu. Mboni alipokuwa akitoka mlangoni aliniambia, “Kaka, usisahau kuku.”

Nimeuliza watu tisa: watano wamecheka, wanne wamesema nioe mwingine. Nijibu gazetini Jumamosi, bila kuzunguka: mke ama dada?

Uweso, Nguvumali

*

Bwana Uweso, mke. Hilo umelipata, sasa kaa usikie na mengine.

Pole, na ahsante kwa zile chupa, maana ndugu saba walikushinda kwa idadi tu. Ziwa linaharamisha ndoa kwa mtoto mchanga aliyelinyonya. Mboni ana meno kinywa kizima. Lakini usinisadiki mimi, nenda kwa kadhi akuandikie kwa mkono wake, maana Bi Semeni hatashindwa na gazeti.

Na nani aliyemfundisha mama huyo kuwa mkeo ni damu yako? Wewe na baraza lako. Umemtangaza mgonjwa kama baiskeli uliyoitia mpira mpya, akakuita kaka, ukadhani ni mzaha. Umehesabu spoki, umehesabu waliocheka, na dawa zake ziko kabatini tangu Jumanne! Baiskeli kumi na moja, hukupata hata moja ya kumfikishia?

Zipeleke leo. Ukifika, mwombe Mboni radhi mamake akisikia. Kisha sema: “Mama, mwanao anatakiwa wodini Jumatatu tarehe 3. Ikiwa damu ya mume inavunja ndoa, toa yako. Wewe na bintiyo hamna ndoa ya kuvunjika.” Akiiogopa sindano kama wale saba, amwachie aliyekwisha kutoa. Mkono wake kwenye sindano ama ruhusa yake Mboni arudi kwako, atamke kimojawapo, na asivuke adhuhuri ya Jumamosi, tarehe mosi Juni.