Makuti elfu moja na tisa

Gharib, unaikumbuka Jumanne ile, tarehe 12 Machi 1985, siku Hafidha wangu alipoanguka na kufa juu ya makuti ya hoteli kule Kikambala?

Leo Khamisa, mjukuu wangu anayesomesha hesabu, kaniuliza bibi yake alikufa vipi. Nikamwambia makuti yalikuwa 1009, na msimamizi alitaka yapangwe marundo yaliyo sawasawa ndipo lori lipakie.

Kisha akasema, "Babu, 1009 haigawiki, ila kwa moja na kwa yenyewe. Ni namba tasa. Panga saba saba, panga kumi na moja kumi na moja, lazima yabaki mengine."

Haigawiki, Gharib. Haigawiki kabisa.

Na wewe ulikuwepo. Hafidha ndio kwanza katoka kwenye homa, jua la saa saba, anapanga, anabomoa, anapanga tena. Aliomba aweke kuti moja kando. Wakumbuka alivyojibiwa? "Mama, la kando ni la wizi. Hesabu huna, rudia."

Hata mimi nilimwambia arudie. Nilidhani yeye ndiye aliyekosea, maana yule bwana alikuwa na kalamu na sisi hatukusoma. Neno langu la mwisho kwake ni hilo. Rudia, Hafidha.

Wakubwa wa kazi ile walisoma. Khamisa asema hili hufundishwa watoto wa msingi.

Sasa niambie, wewe uliyesimama karibu na yule msimamizi: alikuwa hajui, au alijua akamwacha apange?