Nyota za Benchi la Marafiki

Jumatatu, 8 Januari

Baridi ya kukata masikio. Mwalimu Halvorsen katangaza: ukimwona mtu yuko peke yake kwenye benchi la marafiki, lile la uwanjani la asiye na wa kucheza naye, ukaenda kukaa naye, unabandikiwa nyota ukutani. Nyota tano — pizza! Siku hizi hukaa mtu mmoja tu pale: Junia, yule mgeni aliyehamia baada ya Krismasi. Nimekaa naye. Hakusema neno. Nyota moja.

Jumatano, 10 Januari

Leo kasema! Kumbe mcheshi. Anamwiga Mwalimu Halvorsen anavyopiga chafya — nilicheka mpaka machozi yakaganda. Paige, rafiki yangu tangu chekechea, kapita akauliza, "We Tilda, bado ngapi?" Nikajifanya sijasikia.

Ijumaa, 12 Januari

Nilisahau glavu nyumbani. Junia kavua yake ya kushoto, kanipa. Nyekundu, imetoboka kwenye kidole gumba. Mama yake ndiye aliyeifuma, akiwa hospitali, kabla hajafa. Nikasema siwezi kuichukua hii. "Chukua bwana! Mikono iliyobaki tutaitia mfukoni." Leo sikuwaza nyota hata kidogo. Naapa.

Jumanne, 16 Januari

Mwalimu kanisimamisha mbele ya darasa zima. Anatabasamu, maskini, hajui. "Tilda ametimiza nyota tano kwa kukaa na Junia! Tumpigie makofi!" Wakapiga. Junia naye akapiga, polepole, huku ananitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Pizza sikuigusa.

Mapumziko nikamfuata. Kaniuliza kitu kimoja tu: siku ile ya glavu, nayo nilipata nyota?

Nilipata. Nikauficha mkono wenye glavu nyuma yangu.

Jumatano, 17 Januari

Junia hakai tena benchini. Anasimama kule kwenye uzio, theluji hadi magotini, ili mtu asije akapewa nyota kwa ajili yake. Nimemwomba Mwalimu aving'oe vinyota vyangu. Kasema nisione haya kusifiwa. Nimelia chooni.

Alhamisi, 18 Januari

Leo nimekaa mimi benchini. Naandika hapa hapa, kalamu inagoma kwa baridi. Paige kacheka: "Nyota utapewa kwa kukaa na nani, na hewa?" Hajakaa. Hakuna aliyekaa.

Mkono wa kushoto nimevaa ile nyekundu. Junia ameiona. Ameondoka kwenye uzio — anakuja huku, mkono mmoja mfukoni. Sijui anakuja kukaa, au anafuata glavu ya mama yake.