Sahani Moja, Nchi Nne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, niruhusu nikuambie habari ya mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni. Ni mlio wa kijiko kikikwangua sufuria. Niliusikia kwenye simu Jumapili ile uliponiambia kwamba umeketi hotelini, kwenye meza yenye kitambaa, na mhudumu anakuuliza kama akuongeze mchuzi. Ulikuwa unacheka. Nyuma ya kicheko chako kijiko kilikuwa kikizunguka, kwaru, kwaru, hadi chini kabisa, kama cha mtu anayetafuta ukoko. Nikajiuliza ni hoteli gani hiyo inayompelekea mteja sufuria mezani. Sikukuuliza. Nilikutakia safari njema, nikakata simu, na tangu siku hiyo kila nikishika kijiko nausikia.

Haya, sasa nakuuliza. U hali gani? Mgongo unasemaje, na yale macho yanayokuwasha ukipita kwenye vumbi? Huku kwetu hatujambo. Mama mwenyewe mzima, cherehani ndiyo iliyougua. Mkanda ulikatika akiwa katikati ya sare za shule, akamwita fundi, na fundi akaifungua yote kisha akakiri hajui ilivyokuwa imefungwa. Mama aliifunga mwenyewe, akamwambia fundi kwamba ashukuru hatozwi ada ya masomo. Mdogo wangu amefaulu kila kitu isipokuwa hesabu. Anadai kwamba hesabu zote nilizichukua mimi nilipotangulia kuzaliwa.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, kwenye simu ungenikatiza. Ungeniita Karani, ungeniuliza nimekula nini, ungetupia utani mmoja juu ya mwingine mpaka nicheke na kusahau nilichotaka kusema. Barua haikatizwi. Nimempa barua hii dereva mwenzako, yule mnayemwita Sahani Mbili, ambaye anapakia mafuta kesho na anasema kwa foleni ilivyo atakukuta bado mpakani. Ukirudi kutoka safari hii ofisi itakuita. Nataka uwe umeyasikia kwangu kwanza.

Unakumbuka nilivyohamishiwa kitengo cha posho za madereva. Ulifurahi, ukasema sasa chakula chako kiko mikononi mwa mtu wa nyumbani. Kazi ya kwanza niliyopewa na mkuu wa kitengo, yule mnayemwita Bwana Wastani, ilikuwa kulinganisha gharama ya kula hotelini katika nchi nne ambazo malori yetu ya mafuta hupita: hapa kwetu, nchi ya vumbi, nchi ya mito na nchi ya milima. Kanuni ya kampuni unaijua kuliko mimi. Dereva ale hotelini, alete risiti, na kinachozidi posho ajilipie mwenyewe. Basi nilikusanya risiti zenu za mwaka, nikazigawa kwa nchi, nikatafuta wastani. Ilikuwa kazi safi, na mimi hupenda kazi safi. Jibu lilipotoka, nchi ya milima ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Bwana Wastani aliniita mbele ya wenzangu akanisifu. Wiki hiyohiyo posho ya nchi ya milima ikapunguzwa.

Nyinyi madereva husema kwamba siku akifiwa Bwana Wastani atauliza kwa wastani wamekufa wangapi. Nilikuwa nacheka utani huo. Sikujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa namshikia kalamu.

Baada ya simu yako ya kijiko nilirudi kwenye zile risiti. Safari hii sikutazama kiasi, nilitazama kilichonunuliwa. Nikaanza na za Sahani Mbili, kwa sababu jina hakulipata bure. Hapa kwetu: wali na nyama, mara mbili. Nchi ya vumbi: wali na kuku, mara mbili. Nchi ya mito: sahani moja. Nchi ya milima: chai. Risiti inayofuata, chai. Nyingine, chai na mkate. Nilizipanga upya kwa tarehe, nikazisoma tena, huku wenzangu wakibishana kuhusu feni. Mtu ambaye kwenye harusi huketi karibu na mlango wa jikoni anavuka nchi nzima kwa chai? Nikafungua zako. Chai, Baba. Chai tupu, safari baada ya safari.

Basi nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa ni muuguzi huko milimani, nikamwomba aniulizie sahani moja ya kawaida kwenye hoteli za barabarani: wali, nyama, mboga na maji ya kunywa. Alicheka, akaniuliza kama nimepata mchumba tajiri. Bei ya sahani moja ya huko, alisema, ni sawa na sahani tatu za kwetu, na wao wenyewe hubeba chakula kutoka nyumbani. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nchi iliyo ghali kuliko zote ilionekana rahisi kuliko zote kwa sababu hakuna dereva aliyeweza kula humo. Nilipima njaa yenu nikaiita bei.

Nilimvizia Sahani Mbili getini alipokuja kukabidhi karatasi zake. Suruali yake ilikuwa imekusanywa kiunoni kama mfuko uliofungwa kamba. Nilimwamkia, nikamuuliza mnakula nini milimani. Alianza na mzaha kama kawaida yake. Hewa ya kule, alisema, ina shibe yake, mtu akivuta pumzi mbili anacheua. Sikucheka. Akanitazama, akatazama huku na huku, akasema kwamba mtu mwenye watoto shuleni akila hotelini kule anakula karo, kwa hiyo mnachanga, mnanunua mchele na maharagwe kabla ya mpaka, na mnapikia njiani. Nikauliza mnapikia wapi. Nyuma ya tela, akasema, katikati ya magurudumu, kwa sababu milimani kuna upepo na jiko linataka kukingwa. Nikauliza tela lililojaa? Swali hilo aliliruka. Akasema kwamba nisiogope, mpishi wao ni mtu makini, hana mfano katika barabara nzima. Nilipomuuliza mpishi ni nani alishangaa kweli. Akasema eti, binti, ina maana hujui? Ni mzee wako.

Baba, wewe! Wewe ambaye hapa nyumbani ukitaka maji unaita ukoo mzima!

Nilicheka njia nzima ya kurudi ofisini, na nilipofika kwenye ngazi za kupanda chumbani kwetu nikaketi. Nilikuona umechuchumaa. Nilikuona ukipuliza mwali, na juu ya kichwa chako tangi zima la petroli.

Jioni nilimuuliza Mama kama anajua. Aliendelea kushona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akainuka, akanitolea shati lako la bluu. Aliniwekea mkono wa shati mapajani akaniambia nitafute kiraka. Unajua mkono wa Mama, nilichukua muda kukiona. Chini ya kiraka kitambaa kilikuwa kimeungua hadi karibu na kiwiko. Ulimwambia ni bomba la moshi. Alikukubalia, kwa sababu sufuria iliyopotea kabatini alijua imekwenda wapi, na alijua bomba la moshi haliachi harufu ya maharagwe. Akaniomba ninyamaze. Kanuni ya kampuni naye anaijua: atakayewasha moto karibu na tangi anafukuzwa siku hiyohiyo, bila kiinua mgongo. Alisema kiinua mgongo chako ndicho paa letu, na hadi kustaafu umebakiza muda mfupi kama mkia wa mbuzi. Akasema nivumilie tu, Mungu amekulinda kote huko, hatakuacha mlangoni.

Nilitaka kumtii. Nilijaribu kupita katikati. Niliwaomba mawakala wetu wa mipakani waniulizie sahani ileile katika kila nchi, wali, nyama, mboga, maji, nikatengeneza ulinganisho mpya wa chakula chenyewe, si wa risiti. Nikaupeleka kwa Bwana Wastani bila kutaja jiko wala jina. Niliamini bei zitajisemea zenyewe na posho itarudishwa kimyakimya.

Bwana Wastani si mjinga, Baba, hapo tulikosea sote. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza swali moja tu: kama sahani ni ghali kiasi hiki na madereva hawainunui, wanakula nini? Nilisema sijui. Akasema basi hana sababu ya kuamini bei zangu kuliko risiti zao, maana watu hawaendeshi malori kwa chai. Kisha akanionyesha alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya kikao cha wakurugenzi. Kwa kuwa madereva wameweza kuishi kwa kidogo milimani bila kulalamika, alipendekeza posho ipunguzwe katika nchi zote nne. Msemaji wa kikao nitakuwa mimi, kwa sababu ulinganisho ni wangu.

Usiku huo niliwaza mwenyewe. Nikinyamaza, kutakuwa na majiko katika barabara nzima, si milimani tu, na kila jiko litaleta risiti ndogo zaidi, na kila risiti ndogo italeta jiko jingine. Nikisema, watauliza ni nani. Nililitazama shati lako lililokuwa limetundikwa mlangoni. Kiraka cha kwanza Mama alikishona. Cha pili tungemshonea nani?

Sasa nafika pale ambapo ungenikatiza. Usinikatize.

Nilisimama kwenye kikao. Niliwaambia kwamba ulinganisho wa kwanza ulikuwa wa uongo ingawa kila namba yake ilikuwa ya kweli. Niliwaeleza habari ya sahani moja katika nchi nne. Swali likaja, na safari hii halikutoka kwa Bwana Wastani bali kwa mkurugenzi mmoja mama, aliyekuwa amenyamaza muda wote. Alitaka kujua wanakula nini. Nikasema wanapika chini ya matela yaliyojaa. Bwana Wastani akasema hayo ni mazito, hayawezi kusemwa kwa uvumi, nitaje dereva.

Nilikuwa na majina, Baba. Risiti za chai zinajulikana ni za nani. Ningeweza kumtaja Sahani Mbili, ningeweza kumtaja yule kijana aliyeoa juzi. Wote wana watoto, au watakuwa nao, na hakuna hata mmoja ambaye ni baba yangu. Niliona kwamba nikimtaja baba wa mwenzangu nikamficha wangu, sitaweza tena kula chakula chochote kikapita kooni. Na kama ningekataa kutaja, posho ingekatwa palepale.

Nikasema dereva ninayemfahamu ni baba yangu, na kwamba yeye ndiye mpishi.

Nimekutaja, Baba. Nimekutaja wewe peke yako, kwa jina lako kamili na namba ya lori lako, na imeandikwa. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungeninyima kwa kicheko.

Walichoamua hadi sasa ni hiki. Posho ya milimani imepandishwa kufuata bei ya sahani, kuanzia safari hii, na wakala wa mpakani ana maagizo ya kuwapa mkononi. Za nchi nyingine hazitaguswa. Wewe ukirudi utasimamishwa usiendeshe hadi usikilizwe. Kuhusu kiinua mgongo hawajasema. Yule mkurugenzi mama alinifuata nje akaniuliza baba yangu hupika nini. Nikamwambia wali na maharagwe. Alitaka kusema jambo, akaliacha, akarudi ndani. Sijui maana yake na sitaki kukudanganya kwamba ni njema.

Sahani Mbili nimemweleza yote leo asubuhi. Akaniambia kwamba siku ya kukusikiliza ofisi itafute viti vingi, maana mpishi hakula peke yake.

Mdogo wangu anakuamkia na anaomba usiulize habari za hesabu. Mama anakusalimu sana. Siku mbili hakunisemesha, na ya tatu aliniwekea chakula. Anasema urudi na kazi au urudi bila kazi, lakini sufuria yake urudi nayo.

Mimi naomba radhi yako, nayo nitaisubiri mlangoni hata kama utachelewa kuitoa. Jiko usiliwashe tena. Ukiingia milimani, egesha mbele ya hoteli, keti mezani, agiza wali na nyama na mboga, na uwaambie wenzako wafanye vivyo hivyo. Risiti uniletee mimi. Sahani hiyo nimeshailipia kwa jina lako, na jina hilo siwezi tena kulirudisha.

Wako mtiifu, hata kama leo huoni hivyo,

Karani wako