Maji Mekundu ya Mulombwa

Siku ya Mungu, 8 Juni 2025

Komunyo ya kwanza ya mutoto wa rafiki yangu Sylvain, hapa mutaani Kamalondo. Niliongea, wee! Bantu balijaa uani, bia ilikuwa baridi. Nikatoa chupa yangu ya mulombwa: gome la muti limelala ndani ya maji mpaka maji yamekuwa mekundu kama damu. Nikasema hii inaondoa sukari, inaondoa hata kansa. Nikabapa habari ya Kapya, muchimbaji wa Kambove — badokta balitaka kumukata muguu, akakunywa mulombwa, sasa anacheza mupira! Balipiga mikono.

Dada yangu Albertine, mwenye ugonjwa wa sukari, akauliza: na vidonge vyangu, yaya? Yaya ni mimi, kaka yake mukubwa. Nikamujibu: "Dawa mbili ni kama bibi wawili wa bwana mumoja mu nyumba moja. Zitapigana!" Balicheka mpaka Sylvain akamwaga bia. Nikamuachia Albertine chupa.

Siku muzuri sana.

Siku ya Tatu ya juma, 25 Juni

Albertine iko hospitali. Alianguka jikoni akisonga bukari. Sukari imepanda sana. Na kidonda cha muguu, alichokuwa anaficha ndani ya soksi, kinanuka.

Vidonge aliviacha tangu ile komunyo. Mimi nilikuwa nachekesha bantu tu! Lakini yeye hakucheka. Sasa nakumbuka: alikuwa ananiangalia kama muntu anayesikiliza misa. Kwetu, neno la kaka mukubwa dada hatupi chini.

Dokta akauliza alikuwa anakunywa nini. Jamaa yote bakaangalia viatu vyao. Hata mimi nikaangalia vyangu. Nilikuwa nimevipaka rangi asubuhi, vinang'aa. Haya!

Siku ya Ine, 26 Juni

Chancelvie, binti ya Albertine, anasomea dawa universite. Alinikuta kwenye benchi ya korido. Nikaanza kujitetea: hata bazungu banatafuta magome yetu!

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akasema ndiyo, mujomba, ndani ya magome fulani iko kitu kinachoweza kushusha sukari, banakijaribu kwa panya mu laboratwari. Iko hata ua moja linalotoa dawa ya kansa ya damu, hospitali banaitumia. Lakini kwanza banaitenga ile dawa, banaisafisha, banaipima. "Mu chupa yako, mujomba, nani alipima?"

Nikainama, nikafunga kamba ya kiatu. Mimi, mwenye maneno!

Halafu akaniambia vidonge vya mama yake navyo vilitokea kwenye majani, zamani. "Si bibi wawili, mujomba. Ni mama na mutoto wake."

Neno zuri. Lingekuwa langu, ningelitembeza Kamalondo muzima. Nimelibeba mpaka nyumbani kama jiwe.

Siku ya Posho, 28 Juni

Albertine sasa anaongea vizuri. Anakataa sindano ya insulini! Anasema zile dawa zitapigana, yaya alisema. Anasema alikunywa mulombwa kidogo tu, ndiyo maana hakupona. Kapya alipona, juu ya nini yeye hapana? Dokta anasema ule muguu hautangoja, na mugonjwa mwenyewe pia.

Chancelvie alinishika mulangoni. Mujomba, muite Kapya. Aje aseme kama aliacha vidonge.

Nikasema Kapya amesafiri. Hata leo! Huu mudomo!

Hakuna Kapya. Jina nililiokota mahali, sijui wapi. Muguu niliutunga palepale, kati ya bia mbili.

Chancelvie akaniangalia mu macho. Nafikiri amejua. "Basi ingia wewe, umuambie kweli."

Nikaingia. Albertine akafurahi, akabaambia bagonjwa ba chumba kizima: huyu ni yaya, atawapa habari ya Kapya, hakuna anayeisimulia kama yeye. Mama wa kitanda cha pembeni akanisogezea kiti. Nikasema naenda kukojoa kwanza.

Niko kwenye korido, naandika juu ya goti. Mulango uko wazi, Chancelvie ameuegemea, hataki ufungwe. Sikuzote ile habari naianza hivi: "Kapya, nilimuona na haya macho yangu." Balaa! Leo naanza na neno gani?

Albertine ananiita tena. "Yaya, kuja! Hata muuguzi anataka kusikia!"

Namuona ule muuguzi kutoka hapa. Ameweka sindano ya insulini chini, juu ya sahani, amekunja mikono, anangoja Kapya wangu —