Upande wa Kushoto wa Ramani

Jumatatu, 2 Septemba

Viazi vya Nyakiriba nimevileta na kamioneti ya mizigo ya bosi, nimevishusha asubuhi. Mikono bado inanuka udongo. Mchana nimecheza gemu ya vita kwenye kompyuta, nimeshindwa tena. Si kushindwa, nimeibiwa. Mji wangu ulikuwa na kuta mbili, wapiga mishale juu, ghala limejaa. Halafu wapanda farasi wakatoka kushoto kama wametemwa na ardhi. Sikuwaona wakija. Mimi! Niliyeanza kucheza wakati kompyuta zina tumbo kama mwanamke wa miezi tisa.

Hii mashine ni mwizi. Ukiiweka levo ya juu kabisa haikushindi kwa akili. Inaiona ramani yote, wewe umefunikwa ukungu. Vijana wanasema siku hizi mashine imekuwa na akili. Wapi. Imekuwa na macho tu.

Niandike na hili lisipotee. Kule Karagwe, tulikoishi ugenini kabla hatujarudi nyumbani, nilishika mji kwa wapiga mishale saba, jeshi la adui limejaza kioo chote. Mwenye duka la kompyuta alilia, akafunga duka kwa heshima. Mama Divine anasema nilipomposa nilimwambia walikuwa wapiga mishale kumi na wawili. Mke wangu hasahau kitu. Ni ugonjwa.

Jumatano, 4 Septemba

Batiste alikuja kucheza. Ni mtu wa kigari cha kukaa na kuendesha kwa mikono, wale wanaopitisha mizigo ya watu mpakani, pale Grande Barrière. Polio iliiua miguu yake akiwa mdogo, lakini mabega ni ya fahali. Rafiki yangu wa kwanza hapa Gisenyi. Kwenye gemu ni mjinga kabisa.

Vita hataki. Anataka zile gemu za kulea mtu mmoja: unamvisha, unampa upanga, anatembea nchi nzima. Mimi nazijua zote, nimezimaliza zote, moja niliimaliza mpaka ikakosa la kuniambia. Lakini Batiste anaingia kila kijiji na kuongea na kila mtu. Haruki hata neno moja. Dawa akizipata anaziweka, hanywi hata shujaa wake akitokwa damu. Nimemwambia mara ngapi: anayetunza dawa hufa na mfuko umejaa.

Leo, ndani ya gemu, alisimama na bikizee wa kijijini mpaka chai ikapoa.

"Huyu bibi wa nini? Hana upanga, hana siri, hana chochote."

"Mukubwa, wacha. Iko peke yake."

"Basi cheza vita siku moja, uwe mwanaume."

"Vita mi naisikia toka ngambo ya mpaka kila mara. Mule ndani ya gemu, mi natembea."

Nikasema sukari imepanda bei.

Ila msimamo wangu uko palepale. Gemu ya mikakati ndiyo shule. Inakufundisha kwamba jeshi ni kuni. Ukiogopa kuzichoma utalala njaa.

Jumapili, 8 Septemba

Nimebadilisha skrini. Ile ya zamani picha yake inachelewa upande wa kushoto. Fundi aliiangalia akasema nzima. Nikamwambia arudi kwenye redio zake.

Nimechukua televisheni ya sebuleni. Mama Divine amekasirika. "Papa Divine, sasa misa nitaitazama kwenye ukuta?" Nikamwambia Mungu yuko kila mahali, hata kwenye ukuta. Hakucheka.

Skrini mpya, kubwa, rangi kama maua. Wapanda farasi walewale, kushoto kulekule.

Basi nikafanya jambo la aibu, nisilolifanya tangu ujana. Nikauzima ukungu. Ramani yote wazi, kila adui anaonekana mpaka kijiji alichozaliwa. Mchezo wa watoto.

Bado walitokea ghafla.

Nimezima kompyuta. Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 12 Septemba

Kioo cha kushoto cha kamioneti kimekwenda. Nimegonga nguzo ya geti, kule Nyundo, nikitoka na mzigo. Geti nalipita kila wiki. Nguzo haijahama.

Bosi nimemwambia ni ng'ombe. Ng'ombe mwenye pembe za upana wa barabara, alinijia kwa hasira, nikamkwepa kwa ufundi wa miaka mingi, la sivyo gari lote lingelala mtaroni. Bosi akasema angependa kumwona ng'ombe huyo.

Bega la kushoto lina alama ya bluu. Ni mlango wa chumbani kwangu.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku mbaya. Naiandika kama ilivyokuwa.

Batiste alileta sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani. Tumecheza gemu yake, nimemvumilia, nikamwuliza mbona sambaza hanipi.

"Iko mbele yako, mukubwa. Toka saa ile."

Sahani ilikuwa kwenye meza, kushoto kwangu. Mafuta yameshaganda.

Akanisogezea sahani. Kisha akaniambia nitazame pua yake nisigeuke, ataleta mkono polepole toka pembeni, niseme nikiuona.

"Naona," nikasema.

"Bado sijainua."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "We hauone upande ule. Si gemu, si televizyo. Ni macho. Enda kwa munganga wa macho. Na gari, wacha kwanza. Utaua mutu."

Hapo nikawaka. Nikamwambia mtu wa miguu iliyokufa hawezi kunifundisha kuendesha gari. Nimeendesha lori toka Mwanza mpaka hapa bila breki, mlima na mteremko, nikizuia kwa gia na sala. Yeye ameendesha nini?

Alijibeba mwenyewe mpaka kwenye kigari, kwa mikono yake. Nilitaka kumsaidia pale kwenye ngazi, akasema hapana, yeye amezoea. Neno samahani lilikuwepo, nililiona kabisa. Nikaliacha lipite.

Jumanne, 17 Septemba

Sijacheza. Kwa daktari sijaenda.

Najua daktari atasema nini. Akishaandika, usukani umekwisha. Na mimi bila usukani ni nani? Mtu wa kukaa mlangoni, anapitwa na magari ya wenzake, anaulizwa na watoto kama ameshakula. Shule niliacha darasa la tano. Mkononi nina kazi moja.

Nageuza shingo sana nikiendesha. Inatosha. Dereva mzuri anaendesha kwa shingo.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimemgonga Batiste.

Jumamosi, 21 Septemba

Juzi sikuweza kuandika zaidi. Leo najaribu.

Asubuhi, jua limetoka. Nilikuwa nakata kushoto kuingia bohari, barabara ile ya kushukia Grande Barrière. Niligeuza shingo. Nilitazama. Barabara ilikuwa tupu, naapa ilikuwa tupu. Kisha nikasikia jina langu. Sauti naijua. Kisha mlio wa chuma.

Hakuna aliyetokea ghafla. Alikuwa barabarani muda wote, na kigari, na magunia ya unga, na lile shati lake jekundu.

Wenzake wa vigari walifika kabla yangu. Walimwinua na kumlaza kando. Mkono wa kulia umevunjika juu na kwenye kiwiko. Mkono! Kwa mtu yule mkono ni mguu, ni jembe, ni kila kitu. Alinitazama akasema tu, "Mukubwa, ni wewe?"

Polisi akauliza imekuwaje. Hadithi ilikuwa tayari mdomoni, nzuri, imeiva. Kigari kimekosa breki, kimeteremka chenyewe, nimekikwepa lakini wapi. Nimedanganya maisha yangu yote bila kutoka jasho. Wale wenzake wote walikuwa wananitazama. Batiste alikuwa amefumba macho.

Nikasema: "Sikumwona. Upande ule sioni. Aliniambia niache gari, sikuacha."

Polisi aliniomba nirudie. Nikarudia.

Jumatatu, 23 Septemba

Bosi amechukua funguo. Leseni iko kwa polisi, kesi inakuja. Amepewa gari kijana wa Nyundo. Nimemwonyesha jinsi gia ya pili inavyogoma. Amesema asante, mzee.

Mama Divine hajanigombeza. Ningependa anigombeze.

Jeshi ni kuni. Niliandika hivyo, ukurasa uko hapa. Sitauchana.

Ijumaa, 27 Septemba

Hospitali ya macho. Mbali, basi toka alfajiri, Mama Divine ameshika mkono wangu wa kushoto njia nzima.

Waliniweka kidevu kwenye mashine kama bakuli kubwa jeupe. Ukiona nukta ya taa, bonyeza. Nikajisemea, haya, hii ni gemu. Wamempata mkongwe mwenyewe. Nikashika kile kitufe kama ninavyoshika mausi, dole gumba limelegea, kichwa kimetulia. Nilibonyeza kama mvua ya mawe. Halafu pakawa kimya. Nikasubiri taa nyingine. Nikasubiri. Nikamwuliza mama muuguzi kama umeme umekatika.

"Hapana, mzee. Zinawaka."

Ni presha ya macho. Daktari anasema imeanza miaka mingi, inakula taratibu toka pembeni, haiumi, haipigi hodi. Na mtu hauoni weusi, ndio ubaya wake. Kichwa kinajaza chenyewe pale palipopotea, kinakuchorea barabara tupu. Kilichokwenda hakirudi. Matone haya ni ya kulinda kilichobaki, kila siku, mpaka nife. Gari, kamwe.

Miaka yote nimeitukana mashine kwamba inaiba. Mashine haikuiba.

Jumapili, 6 Oktoba

Tumekwenda kwa Batiste baada ya misa. Mama Divine alibeba skrini kichwani, mimi kompyuta. Nyumba yao iko chini karibu na ziwa, sambaza zimeanikwa mpaka mlangoni. Kigari kimeegeshwa ukutani, gurudumu limejikunja kama karatasi. Nilisimama hapo kidogo.

Vestine, mke wake, alisema karibu bila kunitazama. Yeye sasa ndiye anayevusha mizigo, mgongoni. Sikumlaumu kwa kutonitazama. Mama Divine alimfuata nyuma ya nyumba wakaanza kumenya viazi.

Batiste amekonda. Plasta toka bega mpaka vidole. Daktari hajui kama kiwiko kitanyooka tena. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, marefu, mazuri. Yaliyotoka yalikuwa matatu tu: nisamehe, ndugu yangu.

"Washa kwanza," akasema.

Kwa mkono mmoja hawezi. Basi vitufe nimeshika mimi, njia anasema yeye.

"Enda pole. Kushoto. Kushoto ingine, mukubwa, geuza kichwa yote. Haya. Simama. Iko bibi hapo."

Nikageuza kichwa chote. Kweli, alikuwepo, ameketi karibu na kisima.

"Ongea naye."

Nikabonyeza. Bibi akaanza mambo yake, mbuzi, mvua, mwana aliyekwenda asirudi. Nilimsomea Batiste kwa sauti, neno kwa neno. Sikuruka.

Shujaa wetu alikuwa anatokwa damu tangu daraja la kwanza. Nikafungua mfuko. Dawa zimejaa mpaka juu. Nikamwuliza, tumpe moja?

Alifikiri.

"Bado. Njia ingali murefu."

Nikafunga mfuko. Tukaendelea kutembea, yeye ananiambia njia.